Magofu Yasiyokosa Wenyewe: Lugha na Hifadhi ya Husuni Kubwa na Songo Mnara



1.0 Utangulizi

Katika bahari ya Kilwa kuna visiwa viwili ambavyo majina yake huwachanganya wageni, na mara nyingine hata sisi tunaojiita wasomi. Cha kwanza ni Songo Songo, kilichoko kaskazini ya Kilwa. Cha pili ni Songo Mnara, kilichoko kusini ya Kilwa Kisiwani. Songo Songo kinajulikana kwa gesi asilia, ambayo iligunduliwa mwaka 1974 na, baada ya miaka 30, ikaanza kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba linalopita chini ya bahari hadi Somanga na kisha nchi kavu. Songo Mnara kinajulikana kwa magofu. Mwaka 2004, mwaka uleule ambao gesi ya Songo Songo ilianza kuendesha mitambo ya umeme, magofu ya Songo Mnara pamoja na yale ya Kilwa Kisiwani yaliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia Ulio Hatarini.

Sikusudii kupima thamani ya gesi dhidi ya thamani ya ukuta wa kale. Nimeyataja mambo haya mawili pamoja kwa sababu yanatuonyesha aina mbili za mali ambazo pwani moja imejaaliwa. Gesi huchimbwa, husafirishwa, na huweza kumfaa mtu asiyejua hata jina la kisiwa ilikotoka. Gofu halisafirishwi. Thamani yake imo katika mahali liliposimama, katika jina linaloitwa, na katika watu wanaoweza kulieleza. Likiondolewa hayo, hubaki rundo la mawe.

Katika mhadhara huu nitazungumzia hasa Husuni Kubwa, jengo kubwa lililosimama juu ya jabali la pwani ya Kilwa Kisiwani, na kwa kulinganisha nitautazama mji wa Songo Mnara. Hoja yangu ya msingi ni kwamba magofu haya hayakuwahi kukosa wenyewe. Wenyeji waliyapa majina na kuyasimulia muda mrefu kabla ya mwanaakiolojia wa kwanza kufika na futi yake ya kupimia. Kwa hiyo kazi ya kuyahifadhi haitakamilika ikiwa itashughulikia mawe na kuyaacha maneno. Hapo ndipo sisi wanafunzi wa Kiswahili tunapoingia, na hapo ndipo, kwa maoni yangu, tumechelewa.

2.0 Jengo juu ya Jabali

Anayevuka mlango wa bahari kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani huiona kwanza ngome ya Gereza, iliyo chini karibu na maji. Mji wa kale umeenea nyuma yake: Msikiti Mkuu, Msikiti Mdogo wa Kuba, Makutani, na makaburi. Husuni Kubwa haimo katika mkusanyiko huo. Ili kuifikia, hana budi kuelekea mashariki, mpaka mahali ambapo ardhi huinuka na kukatika ghafla baharini. Juu ya mwinuko huo ndipo lilipojengwa jengo ambalo wataalamu wengi hulihesabu kuwa miongoni mwa makubwa kabisa yaliyojengwa kwa mawe kusini mwa Sahara katika zama zake.

Aliyelijenga ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, wa ukoo wa Mahdali, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14. Jina lake limepatikana katika maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa kwenye mawe ya jengo lenyewe. Huyu ndiye mtawala ambaye Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alimkuta Kilwa mwaka 1331, akamsifu kwa ukarimu na kutaja lakabu yake ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa vipaji. Ukarimu huo ulikuwa na chanzo. Wakati huo Kilwa ilishika njia ya dhahabu iliyotoka bara ya Zimbabwe kupitia Sofala, na sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyu imeokotwa katika magofu ya Great Zimbabwe, mamia ya kilomita kutoka baharini.

Mpango wa Husuni Kubwa unaeleza shughuli zake. Ndani yake kulikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua kadhaa zilizopangwa kwa mfuatano, birika la kuogea lenye pembe nane, na ngazi za kuteremkia baharini. Upande wa kusini ulikuwapo uwanja mpana uliozungukwa na vyumba, ambao wachunguzi wameufasiri kuwa sehemu ya biashara na ghala. Kwa hiyo tusilitazame jengo hili kama makazi ya mtu mmoja tu. Lilikuwa kama mtaa mzima chini ya paa zilizopakana: mahali pa kulala na kupokea wageni, mahali pa hukumu na mizani. Karibu yake kuna Husuni Ndogo, ua mkubwa wa mstatili uliozungushiwa ukuta mnene.

Kwa nini juu ya jabali? Mtu aliyezoea pwani hahitaji kutafuta jibu mbali. Mwinuko hupata upepo, na jengo lililo juu huonekana na nahodha kabla hajaona kingine. Lakini mwinuko una gharama yake. Kila pipa la maji, kila robota la nguo, kila boriti ilibidi ipandishwe. Jengo hilo lilidai utajiri usiokatika, na utajiri ulikatika. Sehemu za Husuni Kubwa hazikukamilika kamwe, na makazi yake hayakudumu. Jabali lililolipa fahari ndilo, kama tutakavyoona, linalolitishia hadi leo.

3.0 Songo Mnara: Mji wa Majirani

Ikiwa Husuni Kubwa inatuonyesha fahari ya mtawala, Songo Mnara inatuonyesha maisha ya raia wenye uwezo na ya majirani zao wasiokuwa nao. Mji huu ulikaliwa tangu mwishoni mwa karne ya 14 hadi mwanzoni mwa karne ya 16, kipindi kifupi kwa kipimo cha miji ya Waswahili. Ufupi huo umekuwa neema kwa wachunguzi, kwa kuwa nyumba hazikubomolewa na kujengwa upya mara nyingi. Zaidi ya nyumba 40 za mawe, misikiti kadhaa na sehemu za ukuta wa mji bado zinaonekana.

Tangu mwaka 2009, watafiti Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher, wakishirikiana na Idara ya Mambo ya Kale, walichimba Songo Mnara kwa namna iliyotofautiana na ya waliowatangulia. Badala ya kufuata kuta peke yake, walichunguza pia viwanja vilivyo wazi kati ya nyumba. Waligundua kwamba mahali palipodhaniwa kuwa patupu palikuwa na nyumba za miti na udongo. Waligundua vilevile kwamba uwanja wa kati, wenye makaburi, ulikuwa mahali pa ibada na ukumbusho. Chini ya sakafu ya nyumba moja ilipatikana akiba ya sarafu za shaba zaidi ya 300 za aina ya Kilwa.

Ugunduzi wa nyumba za udongo una uzito mkubwa kwa hoja yetu. Kwa muda mrefu, fasili ya mji wa Waswahili imefungwa katika mawe. Jengo la mawe limehesabiwa kuwa mji, na la udongo limehesabiwa kuwa kijiji kilichoko kando ya mji. Songo Mnara inatufundisha kwamba vyote viwili vilikuwa ndani ya ukuta mmoja. Ikiwa ndivyo, basi anayeishi leo katika nyumba ya miti na udongo karibu na magofu ya Kilwa Kisiwani hakuvamia historia ya watu wengine. Anaendeleza sehemu ya mji ambayo haikupata kusimama kwa miaka 600.

4.0 Majina kama Kumbukumbu

Sasa tuyasikilize majina. Neno husuni limetokana na Kiarabu, ambako maana yake ni ngome au boma. Hata hivyo Husuni Kubwa haikuwa ngome. Tumeona kwamba ilikuwa kasri na mahali pa biashara. Baadhi ya waandishi hulichukulia jina hili kama kosa la wenyeji waliosahau. Mimi naliona kama tafsiri. Watu waliorithi jengo lenye kuta nene juu ya mwinuko, bila mtawala wa kuwaeleza, walitumia maarifa waliyokuwa nayo kuhusu majengo ya namna hiyo wakalifasiri. Aidha, tazameni sarufi yake. Neno la kigeni limeingizwa katika ngeli ya I-ZI na kupewa vivumishi vyake, Kubwa na Ndogo, vinavyoyalinganisha majengo mawili jirani. Asiyelimiliki jengo hahitaji kulitofautisha na jingine. Majina ya jozi huzaliwa katika maelekezo ya kila siku, mtu akimwambia mwenziwe apitie huku badala ya kule.

Makutani, jina la kasri la karne ya 18 karibu na Msikiti Mkuu, ni la Kibantu kabisa: ukuta, wingi wake kuta, na ukubwa wake makuta, kisha kiambishi cha mahali. Ni mahali penye kuta kubwa. Jina hili halimtaji mfalme wala ukoo. Linataja kile ambacho jicho linakiona.

Gereza lina safari ndefu kuliko yote. Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliishambulia Kilwa, wakajenga ngome, na mwaka 1512 wakaiacha. Ngome tunayoiona leo ni ya zama za Waomani, iliyosimama juu ya mabaki ya ile ya Wareno. Neno lenyewe limetokana na igreja, ambalo kwa Kireno ni kanisa. Kutoka kanisa lililokuwa ndani ya ngome, likawa jina la ngome. Kutoka ngome, likawa jina la mahali pa kufungia watu. Leo Mswahili yeyote anajua gereza ni nini, lakini ni wachache wanaokumbuka njia ambayo neno hilo limepitia. Kilwa Kisiwani ni mojawapo ya mahali ambapo hatua ya katikati ya safari hiyo bado imesimama, na mtu anaweza kuigusa kwa mkono. Ukuta huo ukianguka, kamusi nayo itapoteza ushahidi wake.

Kilwa haikuacha majina tu, bali iliacha na maandishi. Tarehe ya wafalme wake iliandikwa kwa Kiarabu na kunakiliwa pia na Mreno João de Barros katika karne ya 16. Kwa wanafunzi wa Kiswahili kuna hati iliyo ya thamani zaidi. Katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, zimo barua zilizotumwa kutoka Kilwa Kisiwani mwanzoni mwa karne ya 18, na miongoni mwake imo barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu. Yahya Ali Omar na P. J. L. Frankl waliichapisha pamoja na uchambuzi mwaka 1994. Ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiswahili yanayojulikana. Kwa hiyo kisiwa hiki ni chimbuko la ushahidi wa lugha yetu ya maandishi, na ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili wanaomaliza shahada bila kulisikia jambo hili?

5.0 Nani Aliyejenga?

Uchimbaji mkubwa wa Kilwa ulifanywa na Neville Chittick, tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi katikati ya miaka ya 1960. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1974 katika juzuu mbili ambazo mpaka leo hazikwepeki. Tunamdai Chittick shukrani. Bila ramani zake, hata ukarabati wa leo ungekuwa wa kubahatisha. Hata hivyo, kichwa cha kitabu chake kiliiita Kilwa mji wa biashara wa Kiislamu katika pwani ya Afrika Mashariki, na mtazamo wa kizazi chake uliiona miji hii kama kazi ya wageni waliokuja na ustaarabu wao. Mwenyeji alionekana kama mtazamaji.

Kizazi kilichofuata kiliigeuza picha hiyo. Mwaka 1985, Derek Nurse na Thomas Spear walitumia ushahidi wa lugha kuonyesha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu ya kundi la Sabaki, iliyokua pwani hiihii kwa mawasiliano marefu na ng'ambo. Wanaakiolojia nao, miongoni mwao Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walionyesha kwamba chini ya miji ya mawe zimo tabaka za makazi ya wakulima na wafua chuma wa Kiafrika.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 wa kale, waliozikwa katika maeneo kadhaa yakiwemo Kilwa na Songo Mnara. Ilionekana kwamba wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa kina mama, na asili ya Kiasia, hasa ya Kiajemi kwa upande wa kina baba, na kwamba mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Wapo walioupokea uchunguzi huu kama ushindi wa hadithi za Washirazi, na wapo walioukataa kwa sababu hiyohiyo. Nadhani pande zote mbili zimeharakisha. Masimulizi ya Kilwa yenyewe yanasema kwamba Ali bin al-Hasan, aliyetoka Shirazi, alikipata kisiwa kwa kumpa mwenyeji wake nguo. Hadithi hiyo haikumficha mwenyeji; ilimweka mlangoni, akipokea na kutoa. Watoto waliozaliwa katika mapatano ya namna hiyo walizungumza lugha ya mama zao. Hilo ndilo jibu ambalo lugha inalitoa, na ndilo jibu ambalo vinasaba havilikanushi.

6.0 Jinsi Gofu Linavyokufa na Linavyotibiwa

Kuta za Kilwa na Songo Mnara zimejengwa kwa matumbawe ya aina mbili. Mwamba mgumu wa matumbawe ya kale, unaochimbwa ardhini, ndio uliojaza kuta. Tumbawe laini, linalokatwa baharini lingali hai na jepesi kuchongwa, ndilo lililotumika kwa mihirabu, vizingiti na mapambo, kwa kuwa hukauka na kuwa gumu baada ya kutolewa majini. Kilichoyaunganisha ni chokaa, nayo hutokana na matumbawe hayohayo. Matumbawe huchomwa juu ya lundo la magogo mpaka yawe unga, kisha humwagiwa maji na kuachwa yapoe. Chokaa ikipakwa, hunywa hewa polepole na kurudia kuwa jiwe. Paa zilishikwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya miji hii ni virefu na vyembamba.

Mtu akielewa hayo, ataelewa pia kwa nini saruji ni tiba mbaya. Saruji ni ngumu kuliko tumbawe, tena haipumui. Maji yenye chumvi yakikwama nyuma yake, hutafuta njia kwa kulila jiwe lenyewe. Ufa uliozibwa kwa saruji huonekana umepona, ilhali ukuta unaoza kwa ndani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hawakusema tuuzibe kwa chochote kilichopo karibu.

Katika Husuni Kubwa tatizo limekuwa gumu zaidi kwa sababu ya jabali. Mvua inyeshayo juu ya mwinuko huteremka kwa nguvu kuelekea ukingoni, ikibeba udongo na kudhoofisha misingi ya kuta zilizo karibu na genge. Miti na vichaka vilivyoota ukingoni hupunguza mmomonyoko huo, kwani mizizi yake huushika udongo. Lakini mizizi hiyohiyo huingia katika viungo vya mawe na kuyapasua. Mhifadhi akikata miti, mvua huchukua udongo. Akiiacha, mizizi huchukua ukuta. Hakuna uamuzi mmoja unaofaa jengo zima. Kila mti na kila pembe ya ukuta huhitaji kuamuliwa peke yake, na anayeweza kuamua ni yule anayepita hapo masika na kiangazi, si mtaalamu anayefika kwa wiki mbili. Chini, bahari nayo ina kazi yake. Pale ambapo mikoko imekatwa, mawimbi hufika ufukweni bila kizuizi.

Kisheria, magofu haya yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, ambayo huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Majengo ya baadaye huhitaji tangazo la pekee, na hilo ni jambo zito kwa Kilwa Kivinje, mji wa karne ya 19 ambako mwaka 1895 Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa na Wajerumani kwa kuwapinga. Mwaka 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 vikahamishiwa katika orodha ya hatari, na mwaka 2014 vikatolewa humo baada ya kazi ya miaka kumi iliyosaidiwa na nchi kadhaa, zikiwemo Norwei, Ufaransa, Japani na Marekani. Kuta ziliimarishwa kwa chokaa, kinga za mawe zilijengwa ufukoni, mikoko ilipandwa, na wakazi walifundishwa ufundi wa kukarabati. Katika miaka ya karibuni usimamizi umekabidhiwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania.

Kutolewa katika orodha ya hatari si sawa na kupona. Chokaa huhitaji kurudiwa, na vichaka huota kila masika. Ufadhili una mwanzo na mwisho, ilhali mvua haina mwisho. Kwa hiyo fundi wa chokaa anayeishi Kisiwani ndiye hifadhi yenyewe, na ujuzi wake ukikatika, itabidi uletwe tena kutoka nje kwa gharama kubwa.

7.0 Wajibu wa Wanafunzi wa Kiswahili

Mabibi na mabwana, sheria ya mwaka 1964 inalinda jengo, lakini hakuna sheria inayolinda jina la sehemu ya jengo. Tunapoeleza nyumba za Songo Mnara, tunatumia maneno kama daka kwa ukumbi wa mlangoni, kiwanda kwa ua wa ndani, na zidaka kwa vishubaka vya ukutani. Maneno haya tumeyachukua zaidi kutoka Lamu, ambako nyumba za mawe ziliendelea kukaliwa mpaka watafiti walipofika na kuyaandika. Kusini, nyumba za mawe zilihamwa kabla ya kamusi za kwanza kutungwa. Kwa hiyo tunauita mwili wa Kilwa kwa majina ya viungo vya Lamu. Si kosa, kwani miji hii ilikuwa ndugu. Lakini ndugu hawana majina sawa.

Je, maneno ya kusini yamepotea yote? Siamini hivyo. Kuta zilihamwa, lakini ufundi haukuhamwa. Wavuvi, wachoma chokaa, wakata boriti na mafundi wa mashua wa Kilwa Kisiwani, Songo Mnara na Songo Songo wanaendelea kutaja miamba, pepo, viungo vya mti na hatua za kuchoma tumbawe. Lahaja yao, ambayo vitabu vyetu huiorodhesha kwa jina la Kimgao, imetajwa mara nyingi kuliko ilivyochunguzwa. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lahaja nyingine zilibaki nje ya mlango wa darasa. Usanifishaji ulitupa chombo cha kujengea taifa, nami siupingi. Ninachosema ni kwamba mtoto wa Kilwa Kisiwani anayejifunza shuleni kwamba maneno ya babu yake ni makosa, hawezi kesho kumweleza mgeni magofu ya babu huyohuyo kwa kujiamini.

Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zetu za Kiswahili zianzishe kazi ya pamoja na wahifadhi, ili kila ukuta unaokarabatiwa uandikiwe pia maneno ya ufundi uliotumika, kwa matamshi ya fundi mwenyewe. Kamusi ndogo ya ujenzi wa matumbawe ya Kilwa inaweza kukamilika ndani ya muda wa shahada moja ya uzamili, iwapo mwanafunzi atakaa kisiwani na si mjini.

Pili, majina ya mahali yakusanywe kwa ramani. Nimetaja Husuni, Makutani na Gereza kwa sababu yamo vitabuni. Lakini kati ya gofu na gofu kuna visima, vichochoro, miti na ufuko ambavyo wenyeji huvitaja kila siku, na ramani za kiakiolojia huvipa namba. Namba humsaidia mchimbaji, ilhali jina humsaidia kila mtu mwingine.

Tatu, barua za Kilwa zilizoko Goa ziwe sehemu ya masomo ya fasihi na isimu ya kihistoria. Mwanafunzi asome nakala yake, aone herufi za Kiarabu zikijitahidi kubeba sauti za Kibantu, na kisha, ikiwezekana, asimame kisiwani zilikoandikwa.

8.0 Hitimisho

Nilianza kwa visiwa viwili vyenye jina linalofanana na bahati tofauti. Gesi ya Songo Songo imechimbwa, na siku moja itakwisha, kama dhahabu ya Sofala ilivyokwisha kupita Kilwa. Sultani al-Hasan alijenga juu ya jabali akidhani njia ya dhahabu haitakatika. Ilipokatika, jengo lake liliachwa kwa watu ambao hawakuwa na dhahabu, nao wakalihifadhi kwa kitu walichokuwa nacho, yaani jina. Kwa karne nyingi, hakuna aliyewalipa kwa kazi hiyo, wala hakuna aliyeiandika katika taarifa ya mradi.

Husuni Kubwa itaendelea kumong'onyoka kidogo kila masika, hata tukifanya vyema. Tunachoweza kukiamua ni kama, jiwe linapodondoka kutoka ukingoni, atakuwapo mtu chini yake anayejua lilikuwa jiwe la nini, na anayeweza kulitaja kwa Kiswahili. Mtu huyo hatatoka katika orodha yoyote ya dunia. Atatoka Kilwa Kisiwani, na wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba hatumkuti amenyamaza.